Kinga ya meno ilisoma 62 g na CT ni safi: je, modeli ya kompyuta inaweza kusema kama ubongo wa mwanangu umeumia?

*"Mwanangu ana miaka 16, anacheza raga. Jumamosi iliyopita alikuwa akimkaba mwenzake, akagongwa na goti upande wa kichwa, juu kidogo ya sikio. Hakuzimia, ila aliinuka akiyumba, na kwa dakika kama tano akawa anauliza matokeo ni ngapi, anajibiwa, kisha anauliza tena. Hospitali walimpiga CT scan, wakasema ni safi. Timu yao hutumia kinga ya meno yenye vihisi, na programu ya simu ilionyesha 62 g na 4,100 rad/s². Kocha anasema namba hizo ziko chini ya kiwango cha hatari, kwa hiyo anaweza kucheza mechi ya wiki ijayo. Lakini kichwa bado kinamuuma akisoma, na mwanga unamkera. Usiku nikaangalia video ya modeli ya kompyuta ya kichwa kikigongwa. Ubongo wote uligeuka mwekundu, na usingizi ukanipaa. Mjomba wake, anayefanya kazi za kompyuta, anasema kuna modeli ya mwili wa binadamu inayotolewa bure, tunaweza kuipakua, tukaingiza CT ya kijana na hizo namba, tukaona ubongo wake umefikwa na nini. Je, inawezekana? Na ile kofia laini ya raga ingemsaidia?"*

Dada yangu, pole kwa mashaka. Nianze na lenye haraka, ya kompyuta yatafuata. Kwa ulivyoeleza, mwanao asiingie uwanjani wiki ijayo. Wala sisemi hivyo kwa sababu ya 62 g. Ningesema hivyohivyo kama programu ingeonyesha 20, au kama siku ile asingevaa kihisi chochote. Kuyumba, kuuliza jambo lilelile baada ya kujibiwa, kichwa kuuma akisoma, mwanga kumkera: hizo ni dalili za mtikisiko wa ubongo, na mtikisiko wa ubongo hutambuliwa kwa dalili. Kutozimia hakubadilishi kitu, maana wengi wanaopata mtikisiko hawazimii kabisa.

Mimi ni mhandisi. Kazi yangu ni kujenga modeli kama hiyo uliyoiona kwenye video. Kumpima kijana ni kazi ya daktari. Lakini naona namba na picha zimefanya mambo mawili yasiyo sahihi kwa wakati mmoja: zimekunyima wewe usingizi na zimempa kocha utulivu. Kwa hiyo nieleze zinasema nini, na zinaishia wapi.

Tuanze na 62. Kihisi kilicho kwenye kinga ya meno hupima mwendo wa fuvu. Meno ya juu yameshikamana na fuvu, ndiyo maana kifaa hiki kinaaminika kuliko vile vya kubandika kwenye ngozi au kupachika ndani ya helmeti, ambavyo huteleza na kupima mwendo wao wenyewe. Ila fuvu ni fuvu na ubongo ni ubongo. g moja ni mchapuko wa kitu kinachoanguka: kila sekunde kasi yake inaongezeka kwa mita 9.8 kwa sekunde. Mara 62 ya hapo inatisha masikioni, lakini haina maana mpaka ujue ilidumu kwa muda gani. Tuseme ilidumu milisekunde 10, ikapanda na kushuka taratibu. Hapo kasi ya kichwa imebadilika kwa takriban mita 4 kwa sekunde, karibu sawa na kasi ya kitu kilichoangushwa kutoka urefu wa sentimita 80. Hiyohiyo 62 ikidumu milisekunde 2 tu, kasi imebadilika kwa chini ya mita 1 kwa sekunde. Skrini ya simu inakupa kilele, haikupi upana.

Jambo hili lilikuwa wazi zamani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wayne State, mjini Detroit, walichora katika miaka ya 1960 mstari unaoonyesha kwamba kichwa huvumilia mchapuko mkubwa ukiwa wa muda mfupi sana, na mdogo zaidi ukidumu. Kutokana na mstari ule kikazaliwa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kipimo cha HIC ambacho hadi leo kinatumika kupima magari: mchapuko na muda wake vinachanganywa kwenye hesabu moja, na sanamu ya majaribio ikivuka kikomo, gari limefeli. Kikomo cha awali kilikuwa 1,000. Baadaye Marekani ikaweka 700 kwa dirisha la milisekunde 15. Ni kipimo cha maana, lakini kina upofu mmoja mkubwa. Kinahesabu kichwa kinavyosukumwa kwenye mstari ulionyooka. Mzunguko hakiujui.

Na mzunguko ndio kiini cha swali lako. Mwaka 1943 mwanafizikia wa Oxford aitwaye Holbourn alichapisha hoja iliyokuwa mbele ya wakati wake. Alisema ubongo, kama maji, karibu haubonyei: ukijaribu kuupunguza ujazo wake unagoma. Lakini ukijaribu kuubadilisha umbo, tabaka moja liteleze juu ya jingine, haugomi hata kidogo. Vipimo vya baadaye vilimthibitisha: tofauti kati ya ugumu wa aina hizi mbili ni kubwa mno, inafika mara laki kadhaa hadi milioni. Maana yake, kichwa kikisukumwa moja kwa moja bila kuzunguka, ubongo uliofungiwa ndani ya fuvu hauna pa kwenda na haupindiki sana. Kichwa kikizungushwa ghafla, fuvu linaondoka, ubongo unachelewa, na tabaka zinavutana. Chukua bakuli la maji, weka jani juu yake, kisha zungusha bakuli haraka kwa robo duara: bakuli limegeuka, jani limebaki karibu palepale. Holbourn mwenyewe alitumia mfano wa kichwa uliojazwa jelatini ili aone umbo linapopindika zaidi.

Hapa nisahihishe picha iliyozoeleka, ya ubongo unaoelea na kugonga ukuta wa fuvu mbele na nyuma kama mpira. Nafasi hiyo haipo. Wayne State tena, katika kazi iliyochapishwa 2001, walipandikiza alama ndogo ndani ya ubongo wa maiti, wakavigonga vichwa hivyo na kuvipiga picha za eksirei za kasi kubwa. Alama zilizunguka kwa njia ya kitanzi, nyingine zikachora umbo la nane, na hazikwenda mbali: takriban milimita 5 kila upande. Milimita chache. Ila ndani ya kitu laini kama ubongo, milimita chache zisizolingana kati ya sehemu na sehemu zinatosha kuzivuta nyuzi za neva.

Nyuzi hizo ndizo zinazoumia. Uzi mmoja una unene wa karibu sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukivutwa polepole unanyooka na kurudi. Ukivutwa kwa ghafla unakakamaa, utando wake unapoteza udhibiti wa chumvi zinazoingia na kutoka, kalsiamu inajaa ndani, na usafirishaji wa vitu kwenye uzi unakwama. Sehemu ya mchakato huo huchukua saa nyingi, na ndiyo maana kuna kijana anayetoka uwanjani akionekana mzima na jioni anaumwa. Watafiti Bain na Meaney walichapisha mwaka 2000 majaribio ya kuvuta neva ya jicho ya simbilisi: walipofika kwenye asilimia 20 hivi ya kuvutika, madhara yalianza kuonekana kwenye nyuzi, na mawasiliano ya umeme yalianza kuharibika mapema kidogo, karibu asilimia 18. Kumbuka asilimia hizo, tutazirudia kwenye rangi nyekundu.

Sasa unaelewa pia kwa nini CT ni safi. Kipimo kile kinaona vitu vya kuanzia kama nusu milimita: mfupa uliovunjika, damu iliyovuja, uvimbe mkubwa. Ni habari njema sana kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo, na hospitali walifanya vyema kupima. Lakini uzi wa neva ulio mdogo mara mia kadhaa kuliko hapo hauonekani pale. CT safi imejibu swali la "je, kuna damu au mfupa uliovunjika?" Swali la mtikisiko haikuulizwa.

Twende kwenye modeli yenyewe, maana mjomba wake ataniuliza.

Modeli ya kichwa huanza na picha. CT inatoa mfupa vizuri. Ubongo, na mpaka kati ya sehemu yake ya kijivu na nyeupe, tunautoa kwenye MRI. Kisha kichwa kinakatwakatwa, ndani ya kompyuta, kuwa vipande vidogo vyenye pembe, laki kadhaa au hata zaidi ya milioni, vilivyoshikana kona kwa kona. Kila kipande kinapewa tabia ya kitu kinachokiwakilisha: mfupa mgumu wa nje, mfupa wenye vishimo wa katikati, utando mgumu unaotenganisha ubongo wa kulia na wa kushoto, majimaji, ubongo. Halafu fuvu linasukumwa kwa mwendo uliopimwa, na kompyuta inapiga hesabu za Newton kwenye kila kona, hatua kwa hatua.

Hatua hizo ni fupi ajabu. Wimbi la shinikizo husafiri ndani ya ubongo kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, kama ndani ya maji. Kipande cha milimita 1 linakivuka kwa muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde, na hatua ya hesabu hairuhusiwi kuwa ndefu kuliko huo muda. Ukiirefusha, hesabu inalipuka: vipande vinapinduka nje ndani na skrini inajaa miiba. Kwa hiyo kuiga milisekunde 50 za mgongano kunataka hatua zaidi ya 75,000, na kila hatua inapita kwenye vipande vyote. Kompyuta inahangaika kwa saa kadhaa kwa tukio lililo fupi kuliko kupepesa jicho.

Mwisho tunachopata ni ramani ya kuvutika: kipande hiki kimevutika asilimia 5, kile asilimia 22, na kadhalika kwa kila wakati. Ramani ya namba haisomeki na macho, ndipo zinapakwa rangi. Na rangi, dada, anachagua mtu. Akiamua nyekundu ianzie asilimia 10, mgongano wa kawaida tu utaupaka ubongo wote nyekundu. Akiamua ianzie asilimia 50, mgongano uleule utatoka bluu na kijani. Hakuna damu pale, wala hakuna jeraha lililochorwa. Ni kuvutika tu. Ukiirudia video ile, tafuta mstari wa rangi wenye namba pembeni mwa skrini. Kama haupo, basi hujaonyeshwa kitu, umetishwa tu. Mara nyingi pia mwendo umekuzwa makusudi ili uonekane, kwa sababu zile milimita 5 za kweli hazivutii watazamaji.

Mjomba hakukosea kuhusu modeli ya bure. Toyota ilitoa modeli yake ya mwili mzima, THUMS, kwa mara ya kwanza mwaka 2000, na tangu Januari 2021 inapatikana bila malipo. Mwenye hamu ya kujifunza aipakue, ataona kazi nzuri sana. Lakini kutoka hapo hadi kwenye kichwa cha mwanao kuna vizuizi kadhaa, na kila kimoja kinatosha kusimamisha safari.

Kwanza, modeli ni faili la maelezo tu. Inahitaji programu nyingine ya kupiga hesabu, na hizo ni za kitaalamu. Pili, namba mbili za vilele hazitoshi. Modeli inataka mistari sita ya mwendo kwa muda wote wa mgongano: mitatu ya kusogea na mitatu ya kuzunguka. Mwelekeo una uzito wake. Tuchukue 4,100 rad/s² yenu, yaani mchapuko wa kuzunguka (rad ni radiani, kipimo cha pembe), tuseme nao ulidumu milisekunde 10: kasi ya mzunguko ingefika karibu rad 26 kwa sekunde. Mwaka 2013 watafiti wa NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, walitoa kipimo kiitwacho BrIC, kilichotokana na modeli za kompyuta. Kasi yake ya rejea, yaani ya kulinganishia, ni rad 66 kwa sekunde kichwa kikiinamia bega, 56 kikitikisika kama mtu anayekubali, na 43 kikigeuka kama mtu anayekataa. Kwa hiyo 26 ileile ni kama asilimia 40 ya rejea katika mwelekeo wa kwanza na kama asilimia 60 katika wa tatu. Simu yenu haikusema kichwa kiligeukia wapi. Na kipimo hicho kimelenga majeraha makubwa ya ajali za magari, si mtikisiko wa uwanjani.

Kizuizi cha tatu ndicho kinachonisumbua zaidi katika kazi yangu. CT ingekupa umbo la fuvu la kijana, lakini ubongo wake una ulaini gani? Vipimo vya ulaini wa ubongo vilivyochapishwa vinatofautiana hata mara kumi, kutegemea tishu ilikaa muda gani kabla ya kupimwa, ilivutwa kwa kasi gani, na ilitoka sehemu gani ya ubongo. Modeli zinathibitishwa kwa majaribio machache ya maiti kama yale ya Wayne State, na maiti hizo aghalabu ni za watu wazima wa umri mkubwa. Kijana wa miaka 16 hakuwemo. Matokeo yake ni kwamba wajenzi wawili, kila mmoja na modeli yake iliyofaulu majaribio yaleyale, wakipewa mgongano mmoja wanaweza kutoka na vilele vya kuvutika vinavyotofautiana sana. Asilimia 20 ya modeli yangu si asilimia 20 ya modeli ya jirani, na zote mbili hazilingani moja kwa moja na ile ya neva ya simbilisi.

Hata tungevuka vyote hivyo, bado tungehitaji kugeuza kuvutika kuwa jeraha, na hilo hufanywa kwa mstari wa uwezekano, unaoonyesha uwezekano wa kuumia unavyopanda kadiri mgongano unavyokuwa mkubwa. Mistari mingi maarufu imeegemea migongano ya ligi ya futiboli ya Marekani iliyoigwa upya maabara kutoka kwenye video za mechi na kuchapishwa mwaka 2003. Katika kazi ile, wachezaji waliopata mtikisiko walikuwa na wastani wa 98 g, na waliogongwa bila kuumia wastani wa 60 g. Usikimbilie kufurahi kwamba 62 iko karibu na 60. Kila kundi lilitawanyika kwa karibu g 25 hadi 30 kuzunguka wastani wake, kwa hiyo makundi yaliingiliana, na 62 inaangukia mahali ambapo wapo walioumia na wapo ambao hawakuumia. Tena hao walikuwa wanaume wazima wenye shingo nene, wamevaa helmeti ngumu.

Modeli ingekuambia kitu kama: "kati ya vijana mia waliogongwa hivi, kadhaa wangepata mtikisiko." Kwa anayebuni vifaa, jibu hilo ni dhahabu. Kwako halina faida, kwa sababu mwanao ni mmoja, na dalili zake zimeshakuonyesha yuko upande gani.

Nisije nikakuacha ukidhani tunachezea kompyuta bure. Palipo na maswali ya "kwa wengi" modeli hazina mshindani. Watafiti wa Imperial College London walionyesha mwaka 2017 kwamba katika migongano waliyoiiga, kuvutika kulikuwa kukubwa zaidi kwenye vina vya mikunjo ya ubongo, palepale ambapo wanapatholojia huona alama za ugonjwa wa ubongo kwa watu waliogongwa kwa miaka mingi. Huwezi kupata picha hiyo kwa kumgonga mtu hai. Kazi ya aina hii, pamoja na ya wenzao wa chuo kikuu cha KTH mjini Stockholm kuhusu helmeti zenye tabaka linaloteleza, imechangia kuufanya mzunguko uhesabiwe: kanuni ya helmeti za pikipiki ya Umoja wa Mataifa, toleo la 22.06, sasa inadai helmeti ijaribiwe pia kwa kugongwa kwa mshazari, wakati toleo la zamani liliangalia zaidi kudondoka moja kwa moja.

Turudi kwa kocha. Simlaumu, programu imemletea namba na yeye amejitahidi kuitumia. Ila ameigeuza kinyume. Tangu Januari 2024 shirikisho la raga duniani linatumia kinga za meno zenye vihisi katika ngazi ya juu, na kizingiti chake kina kazi moja: kikivukwa, mchezaji anatolewa akakaguliwe hata kama hakuna mtu aliyeona kitu. Hakikuwekwa ili mwenye dalili aruhusiwe kurudi kwa kuwa hakukivuka. Mwambie kwa upole, na ikibidi mpe barua ya daktari. Aliyeyumba na kupoteza kumbukumbu uwanjani hahitaji namba ili atolewe.

Kwa siku hizi, ushauri wa sasa wa wataalamu wa mtikisiko, uliokubaliwa katika mkutano wao wa Amsterdam mwaka 2022, ni mapumziko ya kadiri kwa saa 24 hadi 48 za mwanzo, skrini zikipunguzwa, kisha shughuli nyepesi kama kutembea, mradi dalili zisizidi zaidi ya kidogo na kwa muda mfupi. Kumfungia kwenye chumba chenye giza kwa wiki nzima kumepitwa na wakati, na huweza kuchelewesha nafuu. Masomo yanatangulia michezo: aanze kwa vipindi vifupi vya kusoma, apumzike kichwa kikianza kuuma, walimu wajulishwe. Raga ya kukabana inakuja mwisho kabisa, kwa hatua, na kila hatua ichukue siku nzima angalau. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 kwa michezo ya wasio wa kulipwa hauruhusu mashindano kabla ya siku ya 21, na kabla ya hapo mchezaji awe amekaa siku 14 bila dalili akiwa ametulia. Kwa kijana wa miaka 16 mimi ningeshika hicho kama kiwango cha chini. Kugongwa mara ya pili ubongo haujapona kunarefusha dalili, na kwa vijana kuna hatari, ya nadra lakini ya kuua, ya ubongo kuvimba ghafla.

Mpeleke kwa daktari wiki hii hata kama anaonekana afadhali, kwa sababu bado ana dalili na hakuna aliyempangia namna ya kurudi. Zikipita wiki nne bila kupona, aonwe na mtaalamu wa mtikisiko au wa neva. Lakini kuna mambo hayasubiri miadi wala kukuche: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika tena na tena, usingizi mzito asioamka kirahisi, degedege, mkono au mguu kulegea au kufa ganzi, kusema kwa kukokota, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, kuchanganyikiwa kunakoongezeka, maji maangavu au damu kutoka puani au sikioni. Likitokea hata moja, nendeni hospitali palepale, CT ya Jumamosi isiwazuie. Kuna damu inayovuja polepole isiyoonekana siku ya kwanza.

Kofia laini ya raga: inazuia michubuko na inalinda masikio. Mtikisiko haizuii. Jaribio kubwa kwa wachezaji vijana wa raga nchini Australia, lililochapishwa 2009, halikuona kofia hizo zikipunguza mtikisiko, na ukishaelewa habari ya mzunguko hutashangaa: sponji nyembamba inapunguza kidogo kilele cha msukumo, lakini kichwa kinazunguka kama kawaida. Ninachokihofia ni kijana anayeivaa na kuanza kuingiza kichwa mahali ambapo zamani asingeingiza. Kumfundisha kukaba akiwa ameweka kichwa upande salama wa mwili wa mwenzake kutamfaa kuliko kofia.

Mwombe kocha asifute faili la kinga ya meno. Alitunze lote, mistari yote sita na si vilele tu, pamoja na video ya mechi kama ipo. Huenda daktari asilihitaji leo. Wewe nunua daftari dogo, uandike kila jioni kichwa kimeuma kiasi gani, amesoma dakika ngapi kabla hakijaanza, amelalaje. Hilo daktari atalisoma.